Mahari ya Kutazama Katuni

Mimi nauza bawaba, vitasa na misumari, na nilipopeleka posa sikuwa na wasiwasi hata chembe. Duka ninalo, nyumba aliyoniachia baba iko Mji wa Kale, meno yote ninayo. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, alikuwa ameshachoka kunipikia. Binti mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu, akikaa na mamake ghorofa ya nne kule Tudor. Alikuja dukani mara mbili kununua komeo, na mara ya pili nilimpa bovu makusudi ili arudi. Akarudi, akanigombeza mbele ya wateja mpaka nikatamani kukaa chini. Wallahi nilimpenda papo hapo.

Kwetu mahari ni haki ya mwanamke, husema mwenyewe atakacho. Shangazi ndiye aliyekwenda kuchukua jibu. Alirudi na tuk-tuk, akaketi bila kuvua buibui.

"Dhahabu hataki," akasema. "Anataka utazame katuni."

"Katuni?"

"Za Kijapani. Hadithi moja, tangu sehemu ya kwanza mpaka walipofika. Ukimaliza, ndoa."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia nitatazama Ijumaa baada ya swala, na alasiri nitakuwa nimemaliza. Shangazi akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, sehemu zenyewe zimepita elfu. Na bado wanatengeneza."

Nikamwendea shekhe wa mtaa kumuuliza kama mahari yaweza kuwa kitu kisicho na mwisho. Akanitaka nimweleze ni hadithi gani. Nilipoanza tu akasema, "Ah, ile ya mlango!" Kisha akakohoa, akanyoosha kanzu, akasema muhimu ni makubaliano ya pande mbili.

Basi ni hivi. Kuna kijana anabeba mlango mgongoni. Nyumba yao ilitoweka usiku mmoja ukabaki mlango peke yake, naye anazunguka ulimwengu akitafuta nyumba ambayo mlango ule utakaa. Anafuatana na mbuzi asemaye na mwanamke mrefu asiyelala. Wakifika mji hupigana na majini, huujaribu mlango kwenye fremu, haukai. Hulia, hula, huendelea na safari. Ndiyo hiyo! Nilitazama sehemu mbili, hasira zikanipanda. Mtu ana mlango mzima wa msaji, umezidi fremu kwa inchi mbili, na ulimwengu wote ule hakuna hata mmoja mwenye randa ya kuupunguza? Bawaba tatu na fundi mmoja, hadithi imekwisha, watu wakalale.

Ndipo nikapata fikra ambayo wakati ule niliiona ya busara. Bwana harusi akiwa safarini huweka wakili wa kumpokelea nikaha. Kama wakili aweza kuoa kwa niaba yangu, atashindwaje kutazama televisheni? Nikamteua shangazi. Alikataa kwa dakika tano hivi.

Mwanzoni alinipa habari kwa ufupi wakati wa chakula. Baada ya mwezi habari zikawa ndefu na chakula kikawa kidogo. Wali ukawa unaungua. Jioni moja niliingia nikamkuta sebuleni na majirani wawili, wote watatu wanalia, nikadhani pana msiba.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Hajafa," akasema shangazi, akavua miwani akajifuta macho kwa mtandio. "Amebakia ng'ambo ya mto, mbuzi wa watu."

Nikamuuliza wanaona nini hasa katika upuuzi ule. Akasema, "Wanangojana. Hata mbuzi akichelewa, wanamngoja." Nikauliza kama kuna chakula. Hakukuwa.

Kwa miezi minane alitazama, akamaliza zote zilizokuwapo. Tukaenda Tudor kwa mtihani. Binti alikaa upande mmoja na mamake, sisi upande wa pili, katikati sinia ya kaimati. Akaniuliza mji wa chumvi ulibomokaje, nikajibu. Akauliza mwanamke mrefu aliacha kulala kwa sababu gani, nikajibu vizuri kama mtoto wa chuoni mbele ya maalimu. Mamake akaanza kutabasamu. Nikajiona nimeshaoa.

"Na wewe ulilia wapi?" akauliza binti.

"Pale mbuzi alipobakia ng'ambo ya mto," nikasema. "Nikavua miwani, nikajifuta kwa mtandio."

Mimi sivai miwani. Mtandio ndio usiseme.

Binti akamgeukia shangazi. "Ni wewe uliyetazama?"

"Ni mimi, mwanangu. Kwa uwakili."

"Zote?"

"Zote. Nyengine mara mbili."

"Basi mahari yangu umeyatimiza wewe. Sasa niolewe na wewe?"

Shangazi, Mungu amsamehe, alifikiri kidogo kabla ya kusema hapana.

Nikapandisha sauti. Nikasema mimi ni mtu wa kazi, nina duka, sina nafasi ya kukaa kutazama mbuzi akisema. Binti hakupandisha yake. "Baba alimpa mama dhahabu sinia nzima," akasema. "Muulize kama waliwahi kukaa kitako pamoja, siku moja tu, bila baba kutazama saa." Mamake hakuinua macho, binti akaendelea: "Hadithi sikutaka uijue. Nilitaka ukae."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikasema jambo ambalo hata shangazi sikuwahi kumwambia: kukaa siwezi. Tangu mama alipofariki, nikitulia tu namsikia akikohoa chumba cha pili, kwa hivyo huinuka nikaenda dukani kupanga misumari iliyokwishapangwa. Shangazi akanishika mkono. Nilitamani wakasirike, lakini hakuna aliyekasirika.

Binti akachukua rimoti, akaweka sehemu ya kwanza. Nilikwisha kuiona peke yangu, nikaitukana. Safari hii kijana alipofika mji wa kwanza na kuuinua mlango, binti alishika pumzi, ilhali ajua fika kwamba haukai. Shangazi naye akashika, na mamake vilevile. Mimi nami, mtu mzima niuzaye bawaba, nikajikuta nasema kwa sauti, "Ukae, yakhe, ukae!"

Haukukaa. Machozi yakanitoka, na sikuwa na cha kujifutia.

Sehemu ikaisha. Nikamwambia binti aweke ya pili. Hakuiweka. Alimgeukia mamake kwanza, akamwambia wazee waitwe, waje kupanga siku.