Alionyesha kwa Mdomo

Majina ya watu wote waliokuwa ndani ya hoteli ya shangazi siku ile ninayo mpaka leo. Siyaandiki, maana watoto wao wapo na sikuwaomba ruhusa. Nitaeleza jambo lenyewe tu, kwa sababu bado nalifikiria.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba cha mabati kilichoungana na nyumba yake, Arua, karibu na pale magari ya Koboko yalipokuwa yakipakia watu. Shangazi, dada wa baba, alipika chai na mandazi. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa, mtoto mgongoni, nikimsaidia kuosha vikombe. Ilikuwa miaka ya sabini, sukari imeanza kuadimika, watu wanakunywa chai huku wakikumbuka utamu.

Akaingia mama mmoja wa Koboko, Mnubi kama sisi, na mzigo amefunga kwa leso. Ndani yake mlikuwa na gurbaba ya binti yake, ile nguo ya kujifunga tunayoitia maua kwa sindano, ambayo bibi harusi huvaa. Alikuwa ametoka kuichukua kwa mshonaji, na harusi ilikuwa Ijumaa hiyohiyo. Akanywa chai, kisha akauliza kama anaweza kuacha mzigo afike sokoni.

Shangazi alikuwa anakanda unga, mikono yote miwili imezama. Hakusema neno. Alichomoza midomo kuelekea nyuma ya gunia la mkaa, kama sisi tunavyoonyesha mahali mikono ikiwa na kazi. Yule mama akaweka mzigo pale, akaenda.

Aliporudi na vitunguu vyake kwenye leso nyingine, nyuma ya gunia hapakuwa na kitu. Watu walikuwa wameingia na kutoka, na gari moja lilikuwa limeshaondoka. Tulihamisha gunia, tukainua mabenchi, tukaangalia mpaka jikoni. Wapi.

Wao wawili wakaanza kubishana kwa Kinubi, sauti chini, kama watu wa heshima. Halafu shangazi akahamia Kiswahili, ili Walugbara, wenyeji wa pale, na madereva waliokaa pale wasikie.

"Mimi nauza chai," akasema. "Mzigo sikupokea. Mkono yangu iko na unga mpaka hapa, angalieni. Nilishika nini?"

"Nilikuuliza, dada," yule mama akajibu.

"Na mimi nilijibu nini? Nani alisikia nikisema weka?"

Hakuna aliyesikia. Kweli hakusema.

Dereva mmoja akatafuna, akameza. "Mutu akipotea hapa kwa benchi, mama wa chai atalipa mutu?"

"Wewe kula," shangazi akamwambia. "Ukipotea wewe nitafurahi."

Watu wakacheka, lakini mama wa Koboko alikuwa amekaa chini kwenye sakafu. "Ijumaa wakwe wanakuja," akasema, si kwa mtu yeyote. "Binti yangu nitamfunga nini? Leso ya vitunguu?"

Mimi nilisimama na kikombe mkononi, najiuliza. Amana inaingia kwa mtu kupitia wapi? Mkono ukipokea, hapo najua. Mdomo ukisema "leta", hapo pia najua. Lakini mdomo ambao haukusema?

Shangazi koo lilikuwa limemkauka kwa kubishana. Akachomoza midomo upande wa mtungi. Nikaenda, nikachota maji, nikamletea. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni mwake ndipo nikaona watu wote wananitazama.

Mama wa Koboko akainuka. "Binti yangu, nani amekutuma maji?"

"Shangazi."

"Alisemaje?"

Nilimtazama shangazi, naye anakunywa tu. "Hakusema. Alionyesha."

"Basi kesi imekwisha," dereva akasema. "Huyu dada wa maji amekwenda kwa mdomo, na mzigo pia ilikwenda kwa mdomo."

Shangazi akamaliza maji yote, polepole. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaingia chumba cha ndani, tukasikia sanduku linafunguliwa. Akatoka na gurbaba yake mwenyewe, aliyoolewa nayo.

"Hii si yangu, dada," yule mama akasema.

"Yako niliionyesha mahali. Chukua, mtoto aolewe. Nitashona ingine, nikikuletea utanirudishia hii."

Tulishona sisi wawili, kati ya chai ya asubuhi na chai ya jioni, ua baada ya ua. Siku moja nikamuuliza, "Shangazi, kama usingeonyesha, naye akaweka tu?"

"Hapo ingekuwa shauri yake."

"Na kama ungemwona anaweka, ukanyamaza?"

Sindano yake ikasimama. Akaitazama nguo, akanitazama mimi.

"Wewe shona," akasema. Lakini yeye mwenyewe hakushona. Alikaa hivyo, uzi mkononi, mpaka maji ya chai yakafurika juu ya moto.