Panga la Feni

Pigo la kwanza alilitoa jirani wa chumba cha tatu, kwa mchi wa kinu. Nililiona kwa macho yangu, na lilitokana na maneno niliyoyapayuka mwenyewe.

Napanga Mbagala, nyumba ya vyumba sita. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Kadi ya grafiksi ya kompyuta yangu niliinunua imeshatumika, na mwezi wa pili, joto liliposhika, ikawa inachemka hadi mashine inazima bibi harusi akiwa katikati ya kulishwa keki. Rafiki yangu fundi, mkazi wa Ubungo, akaja mchana mmoja kuitibu. Pale nyumbani hakuna aliyemfahamu.

Alifungua ubavu wa kasha, akang'oa vifeni vya kadi vilivyochoka, akafuta vumbi. Kisha akachukua feni yangu ya meza, ya zamani yenye mapanga ya bati, akaivua wavu wa mbele na kuisogeza ipulize moja kwa moja kwenye kadi.

"Bila wavu, braza?"

"Wavu unakula upepo. We shika hapo nifunge, acha uoga."

Nilishika. Feni ikateleza huku inazunguka, nikaidaka kwa mbele. Vidole viwili vilipasuka, damu ikaruka hadi kwenye kioo cha kompyuta.

"Panga!" nilipiga kelele. "Panga limenikata! Zima! Zima!"

Sote huliita hivyo, panga la feni. Lakini juma lile vijana wenye mapanga ya kweli walikuwa wamemkata muuza chipsi mtaa wa pili. Na mtaani kwetu hakizimwi kifaa tu. Hata mtu huzimwa.

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Majirani waliona mimi navuja damu, mgeni ana bisibisi mkononi, na kompyuta iko wazi matumbo nje. Hawakuuliza. Mchi ulimpata fundi sikioni. Wakamburuta uani, wakampiga kwa tofali, kwa fimbo, kwa viatu.

"Leta tairi!" mtu alisema. Na tairi likaja, likibingirishwa.

Nilijitupa juu ya fundi. Teke likanipata mbavuni. "Ni fundi! Panga la feni! La feni!"

"Katishiwa huyo, msimsikilize!"

Mama mwenye nyumba hakubishana nao. Aliingia chumbani kwangu, akatoka amebeba feni, waya ukiburuzika nyuma, damu yangu ikiwa bado mbichi kwenye bati. Akaibwaga katikati yao.

"Panga lenyewe hili. Haya, lichomeni moto."

Mwenye tairi akalirudisha lilikotoka. Jirani wa chumba cha tatu akaenda bombani kuuosha mchi. Jioni, niliporudi kutoka hospitali, niliusikia ukitwanga kisamvu.

Fundi alishonwa nyuzi kumi na moja. Siku ya nne alinipigia simu.

"Kadi vipi, inachemka?"

"Haichemki. Nimemaliza harusi mbili."

"Na wavu?"

"Nimeurudisha."

"Feni inalia?"

"Inakwaruza kidogo."

"Isogezee simu nisikie."

Nikaisogeza. Feni ilizunguka, ikikwaruza kila mzunguko. Nikarudisha simu mdomoni. "Umesikia?"

"Sijasikia kitu," alisema. "Rudia. Ngoja kwanza nihamishie simu kwenye sikio zima."