Ukikanyaga, Unageuza

Waliokuwepo jiweni asubuhi ile ni hawa. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mkwe wangu, mke wa marehemu mwanangu wa pili, ambaye tangu tumzike mumewe hajarudi kwao, tunakula chungu kimoja. Alikuwepo jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyemsimamia binti yangu mkubwa kwenye ubatizo, mwanamke wa mdomo, mtaona. Walikuwepo akina mama wengine wa jiweni, karibu wote tunahusiana kwa damu au kwa kuoana, na wale tusiohusiana tumegombana nao miaka mingi mpaka tumekuwa ndugu. Na alikuwepo kijana aliyeleta wageni. Huyo ni mjukuu wa kaka yake marehemu mume wangu, kwa hiyo ni mjukuu wangu, kwa hiyo, kama ilivyo kwetu, ni mume wangu. Wageni sikuwahesabu.

Majina yao wote ninayo, la ubatizo, la kikwetu na lile la utani alilopewa mtu akiwa mdogo. Siyaandiki hapa kwa sababu wenyewe wako hai, kesho tunakutana ziwani, na hakuna aliyeniambia niandike. Waliokufa nao wana watoto. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Tangu hapo vitu vyangu naviweka kichwani.

Mji wetu ni mdogo. Ukitoka Mwanza ukaipita Igoma, ukaendelea na barabara ya Musoma, unakata kushoto kushuka ziwani. Una mtaa mmoja wa maduka, kanisa, mashine ya kusaga, na jiwe. Jiwe lenyewe ni bapa, limelala kutoka njiani mpaka majini kama kiboko aliyetoka kuota jua. Juu yake ndipo tunapoanika dagaa. Dagaa wa mchangani wanakauka na mchanga wao, na mnunuzi wa soko la Kirumba anatafuna mmoja tu, anatema, anashusha bei. Wa jiweni hawana neno.

Kila mama ana kipande chake. Hakuna rangi wala kigingi. Mpaka ni ufa, au ni pale jiwe linapoinama. Kipande kinaitwa kwa jina la mama aliyeanza kuanika hapo, hata kama alikwisha kufa na anayekitumia leo ni mwingine. Sheria ni moja, nasi tumeikuta: ukikanyaga dagaa wa mtu, unawageuza. Wote waliotandazwa kwenye kipande hicho, mpaka wa mwisho. Uwe mtoto, uwe mlevi, uwe padri. Padri mmoja aliwahi kugeuza, kanzu ameikunja kiunoni, na wala hakukasirika.

Zamani tulikuwa na sehemu nyingine pia, kule ufukweni, tulikojenga vichanja. Siku moja tukaambiwa tupishe, leo tu, kuna ugeni mkubwa. Tukapisha. Tulifagia wenyewe, tukaja kupokea, na mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Kesho yake tumerudi na makarai yetu, tumekuta kamba. Baadaye mabati. Sasa hivi pale panauzwa bia na samaki wa kukaanga, kuna miavuli, na ukipita na karai kichwani mlinzi anakuuliza unakwenda wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia "leo tu," mimi nasikia mabati yanapigiliwa misumari.

Sasa huyu mume wangu. Alisoma, akazunguka Mwanza na bahasha ya vyeti, Igogo akalala kwa rafiki, Butimba kwa shangazi, kazi hakupata. Akarudi nyumbani akaanzisha hii ya kutembeza wageni kwa miguu, anawaonyesha mji na habari zake za kale: duka la kwanza, kanisa la zamani, gati iliyooza. Wapo waliomcheka. Mimi sikumcheka. Mtu anayejitafutia kwa mdomo wake na miguu yake nimcheke kwa lipi?

Alhamisi jioni akaja nyumbani. Jirani yangu alikuwepo, tunachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mikono mitupu tena? Wenzako wanawaletea wake zao sukari."

"Sukari itakuja, mke wangu. Jumamosi nina wageni wengi, wengine wa Mwanza, wengine wa nje. Jiwe ndiyo kituo cha mwisho."

"Karibuni."

Akajikuna shingo. Nikajua bado.

"Naomba jiwe liwe wazi, bibi. Lisiwe na dagaa siku hiyo. Tulifagie, tulimwagie maji. Pale mtemi wa zamani alikuwa anatambikia mvua. Sasa mtu anasimuliwa mambo ya mtemi huku ameziba pua?"

"Kwani mtemi alikuwa hali dagaa?" akauliza jirani yangu.

"Bibi, na wewe usinichekeshe. Nimewafikiria na ninyi. Mtavaa vitenge vya sare, mtakaa pembeni, mtaimba kidogo."

"Tuimbe nini?"

"Wimbo wowote wa zamani."

"Wa zamani tunaoujua ni wa kufukuza kunguru. Shii! Shii! Huo utafaa?"

Kijana akacheka, nami nikacheka. Kisha akalisema lile neno.

"Ni Jumamosi hiyo tu, bibi. Siku moja tu."

Kicheko kikaniisha. Nikamwambia, "Jumamosi ni giza, hakuna mwezi, mume wangu. Mitumbwi itarudi imejaa. Ungechagua siku za mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, jiwe linakaa tupu, ungetambika hata wewe mwenyewe."

Akajishika kichwa. Alikuwa amesahau kabisa. Mtoto aliyenyonyeshwa na mama aliyekuwa anaangalia mwezi kabla ya kukopa unga, amepanga siku kwa likizo za wageni!

"Wameshalipia, bibi."

"Basi watatukuta kazini."

"Utaniangusha."

"Mwanaume mzima, nitakuangushaje? Jiwe sifagii, na kitenge cha sare sivai. Nikitaka kuimba nitaimba mikono yangu ikiwa na dagaa."

Akaondoka bila kuaga. Hilo liliniuma, sitasema halikuniuma.

Mkwe wangu alikuwa jikoni anasikia yote. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia moshi.

"Mama, tumpishe," akasema. "Ni mtoto wa nyumbani. Na kipande changu chenyewe ni cha bibi yake. Akikasirika akakidai, mimi na watoto tutaanika wapi?"

Hapo ndipo penye maneno yote. Kipande anachoanikia mkwe wangu kilikuwa cha mke wa shemeji yangu. Yeye na mimi tulikuwa tunaitana mke mwenza, ingawa kila mmoja alikuwa na mume wake, na wake alikuwa mrefu zaidi. Binti zake waliolewa mbali. Mkwe wangu alipofiwa, yule mama alimshika mkono mbele yetu, akampeleka mpaka kwenye kipande chake, akamwambia, anika hapa. Hakuna karatasi. Kuna midomo yetu tu, na wengi wenye midomo hiyo wamekwisha kufa. Nami sikai milele. Jiwe likifagiliwa mara moja likawa la mtemi, mkwe wangu atakuja kuonyesha nini?

Nikamwambia, "Akitaka kukidai, aje akidai ukiwa unaanika. Sio ukiwa umekaa pembeni na kitenge cha sare."

Jumamosi mitumbwi ilirudi imejaa kama nilivyosema. Akina mama walisimama na ndoo zao wananitazama, maana habari zilikuwa zimeshasambaa, na wengine walikuwa hawataki ugomvi na ukoo wangu. Nikapanda mpaka katikati ya jiwe, nikamwaga ndoo yangu ya kwanza, nikaanza kutandaza. Jirani yangu akamwaga. Kisha nikasikia ndoo nyuma yangu, nyingine, nyingine. Mkwe wangu alimwaga wa mwisho.

Jua lilikuwa limeshakolea, dagaa wameanza kukakamaa mgongoni, wageni wakatokea na kofia zao na chupa za maji. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kutoka mjini, amevaa viatu vyeupe, nikamwonea huruma. Kijana alikuwa mbele yao. Hawa watu wa kutembeza wageni wana mwendo wao: wanatembea kinyumenyume, uso kwa wageni, mgongo kwa njia. Alipofika ukingoni aligeuka, akaona jiwe lote limekuwa la fedha. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaamua kutotuona. Akawageukia wageni wake, akaanza kusimulia mtemi alivyokuwa akisimama hapa, na watu wake wakisimama kule, na mvua ikitokea ng'ambo ya ziwa, na huku anasimulia anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka kiatu chake kikaingia kwenye dagaa wa mkwe wangu kikateleza.

Akina mama wote wakaacha kazi.

"Hee!" akasema jirani yangu. "Kiongozi wa msafara!"

"Basi, mama," akasema mkwe wangu chini chini. "Ni bahati mbaya. Apite tu."

"Hapiti," nikasema.

Kijana akasimama mguu mmoja juu kama korongo. Wageni wanaulizana kuna nini.

"Sheria unaijua, mume wangu," nikamwambia. "Uliwahi kugeuza hapahapa, kaptula imekuchanika nyuma."

"Bibi, mbele ya wageni?"

"Wageni si wamekuja kusikia habari za jiwe? Hii ndiyo habari yake."

Akanitazama. Nami nilimtazama. Alikuwa na neno moja la kunimaliza, nalo ni "hiki ni kipande cha bibi yangu." Angelisema, angefagia apendavyo, na mkwe wangu angeokota ndoo yake mbele ya watu. Au angenyamaza akapita na wageni wake, na tangu siku ile kila mtu angekanyaga.

Akavua viatu. Akavua soksi, akazitia ndani ya viatu, akakunja suruali. Akachuchumaa. Akaanza kugeuza. Na mkono haukuwa umesahau: alikuwa anapitisha kiganja chini, anainua, anapindua, hapondi hata mmoja.

Wageni wakasogea. Yule mama wa viatu vyeupe akanisalimia vizuri, akaniuliza, "Bibi, kwani jiwe hili ni la nani?"

Nikasimama wima, mgongo ukalia. Nikaanzia majini. Nikaonyesha kipande kwa kidole na kutaja jina la mama wa kwanza, na aliyempa, na anayeanika sasa. Kila mwenye kipande nilipomtaja alinyanyua ufagio wake wa kukusanyia dagaa. Kuna waliotajwa ambao nilikuwa sijayasema majina yao kwa sauti tangu kwenye mazishi yao. Hakuna mgeni aliyeziba pua. Nikapanda hivyo jina kwa jina, mpaka nikafika kwenye kipande alichokuwa amechuchumaa yule kijana. Nikavuta pumzi. Kabla sijafungua mdomo akataja yeye, kichwa chini, dagaa mkononi. Akamtaja bibi yake kwa jina la kikwetu, lile la ndani ya nyumba.

Kisha akasema, "Na sasa ni cha huyu," akamtaja mkwe wangu jina lake lote.

Mkwe wangu akageukia ziwani kama anayetafuta mtumbwi.

Mzungu mmoja akauliza, kijana akatafsiri: na mtemi je?

"Mtemi alipitia wapi bila kukanyaga?" akasema jirani yangu, na watu wakavunjika mbavu, hata mwenye kugeuza. Mimi nikajibu vizuri, maana wageni ni wageni. Nikasema mtemi huenda alikuwepo, mimi sikuwepo. Hawa niliowataja niliwaona kwa macho yangu.

Sitaki mdhani mambo yaliishia hapo kwa amani. Mtemi bado anasimuliwa, tena siku hizi mvua yake imekuwa kubwa zaidi. Na mtu amekuja kutuambia kuna mpango wa kuweka uzio na kibao, jiwe lihifadhiwe. Nilimuuliza linahifadhiwa lisiliwe na nani. Akasema atarudi na wakubwa. Arudi. Wakija na kamba watatukuta tumetandaza, na kamba yao itabidi ipite juu ya dagaa, na anayeivuta itabidi akanyage.

Kijana wageni bado anawaleta. Anawapitisha ukingoni, njia tuliyomwonyesha, na anatembea uso mbele. Akifika kwenye kile kipande anataja majina mawili, la bibi yake na la mkwe wangu, na mkwe wangu sasa anaitikia bila kuinua kichwa. Sukari nililetewa Jumapili ile ile baada ya misa. Nusu kilo. Nikamwambia, mume gani huyu.

Ndivyo ninavyokumbuka. Kama wewe ni wa hapa, na ulikuwepo, na umeona nimeweka mtu mahali ambapo hakusimama, au nimempa mama mmoja maneno ya mwingine, njoo uniambie, nitarekebisha na sitanuna. Zaidi sana kama kuna mama wa jiweni ambaye siku ile niliruka jina lake, mtoto wake aje alitaje, tumrudishe kwenye kipande chake. Siku za giza utanikuta jiweni tangu asubuhi. Ila pita ukingoni.