Telegramu Iliyomtafuta Mama

Kabla sijaondoka Handeni kwenda kusoma ng'ambo, niliacha mpango wa barua niliouona hauna kasoro. Ningeandika kwa sanduku la posta la mwenye duka mmoja Korogwe, dereva wa basi angechukua barua, na mwalimu wa kijijini angemsomea mama, ambaye hakujua kusoma. Nilijisifu kama niliyejenga reli.

Mwaka wa pili barua zikakoma. Ya mwisho ilisema mguu wa mama umevimba tena, na kwamba baada ya mavuno wote wangehamia kijiji cha ujamaa. Kisha kimya, miezi mitatu. Nilikaa dirishani natazama theluji, naandika insha juu ya maendeleo vijijini, huku sijui mama yangu mwenyewe amelala juu ya ardhi au chini yake.

Bibi msimamizi wa bweni aliponiona nasusa chakula, alinivalisha koti la marehemu mumewe akanipeleka posta nikapige telegramu. Nikaandika: "Mama yupo? Jibuni." Nilirudi nimetulia, msomi aliyepata ufumbuzi. Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu telegramu ilikuwa na kazi moja tu, kuleta msiba.

Yaliyofuata niliyasoma wiki tano baadaye, kwa mwandiko wa mwalimu. Barua zangu zote zilikuwa dukani Korogwe, zimefungwa kwa kamba ya katani, maana kijiji chetu cha zamani hakikuwa na mtu tena wa kupokea. Lakini telegramu haiwekwi. Dereva aliacha njia, akauliza kijiji hadi kijiji, na abiria wakakubali kuzungushwa ili wakatoe pole.

"Shikamoo, mama," alisema dereva, bahasha mkononi.

"Marahaba. Ni mwanangu?"

"Mimi ni wa kuleta tu, mama."

Haikufunguliwa. Habari ya kifo haisomwi mpaka mjomba awepo, naye alikuwa Mombo. Basi mikeka ikatandikwa, maharage yakainjikwa, na mama akanililia siku nzima na nusu. Mjomba alipofika, mwalimu akafungua, akasoma kimoyomoyo, akairudia.

"Soma, mwalimu," mjomba akasema.

"Anauliza kama upo."

"Mimi?" mama akasema. "Nimekauka koo kwa kumlilia yeye, halafu ananiuliza mimi kama nipo?"

Mjomba akasema maharage yaliwe, yasiharibike.

Chini kabisa mwalimu aliandika alivyoagizwa na mama: "Usitume tena kitu hicho. Barua tumezichukua. Mguu bado unauma."

Sentensi hiyo ya mwisho niliirudia pale pale kwenye ngazi za bweni. Bibi msimamizi akanikuta nalia. Hakuuliza kitu. Alinishika bega, akanipa pole, akaenda kuleta lile koti la kwendea posta.