Saa Saba ya Mashine

Kunegunda alikuwa mpokea wageni wa redio ndogo mjini Songea. Radi ilipounguza studio, matangazo yote yakawa yanarekodiwa na kurushwa na mashine, na fundi Aidan aliposafiri kwenda Mbesa alimwachia yeye kupanga saa. Alikuwa amemfundisha haraka: kioo cheusi, maandishi matupu, na programu ya kuandikia iitwayo nano, ambayo huonyesha amri zake chini ya kioo ili mgeni asipotee.

Asubuhi mzee Eusebi alileta tangazo. Mama yake amefariki alfajiri, mazishi saa kumi leo hii. Mdogo wake Ignas yuko shambani Madaba, simu haipatikani, ila hakosi matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Kunegunda alirekodi, akapanga saa. Mzee akakaa mapokezi kusubiri.

Saa saba ilipokaribia, Kunegunda alifungua faili la ratiba kuhakiki. Akaona 07:00, aliyoiandika kwa mkono wake. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane. Saba yake ni saa moja yetu ya asubuhi, nayo ilishapita. Tangazo lingetoka kesho, marehemu akiwa ameshazikwa.

"Sema umeme ulikatika," mtangazaji Hironimus alinong'ona. "Mzee atajuaje, dada Kune?"

"Nitamwambia ukweli. Nipishe."

Akaandika 13:00. Amri ya kuhifadhi ilionyeshwa hivi: ^O. Akabonyeza kile kialama, kisha O. Vyote viwili vikajiandika ndani ya faili, ubavuni mwa saa.

"Haya, fundi," alisema Hironimus. "Sasa umeua redio nzima."

Ndipo akakumbuka maneno ya Aidan: kialama kile ni kitufe cha Ctrl, unakishikilia. Akafuta uchafu, akashika Ctrl na O, akabonyeza Enter, akatoka kwa Ctrl na X.

Wengi wetu tungengoja kwanza redio iseme, ndipo tuamue kama kuna kosa la kukiri. Yeye alikwenda moja kwa moja mapokezi.

"Baba, nilikosea saa. Nimerekebisha, ila sijui kama nimewahi. Usikae hapa ukiniamini. Tafuta mtu wa pikipiki amfuate Ignas."

"Unaniambia sasa hivi, binti?"

"Nimegundua sasa hivi."

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni redio ya mapokezi ilipotaja jina la mama yake. Akasimama, akavua kofia. Hakumshukuru.

Ignas alifika makaburini kaburi likiwa limejazwa nusu. Wenye majembe wakasimama kando, naye akatupa udongo wake.