Mtoto amepewa jina langu, na ni mimi niliyewatoa kwenye mutuelle

Admin, naomba unifiche, kwetu Kolwezi watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka 38, nina mume na watoto, nauza samaki wa baridi. Nilisoma kidogo, kwa hiyo karatasi yoyote ya Kifaransa ikiingia katika familia inaletwa kwangu.

Mimi na mdogo wangu wa kiume, mchimbaji wa madini huko Mutoshi, tulikuwa kwenye mutuelle ya mtaa: kila mwezi mnachanga, mkiugua inalipa sehemu kubwa ya hospitali. Lakini mwenzenu nilichoka. Miezi mingi mdogo wangu hana kitu, namlipia mimi. Basi serikali iliposema kujifungua ni bure, na mke wake ana mimba, wakaniletea karatasi za zote mbili nilinganishe. Niliona wazi kwamba ile ya bure ni ya uzazi tu, ugonjwa mwingine utajijua mwenyewe. Nikawaambia, "Muache mutuelle, ya serikali inatosha." Mimi na mume wangu tukabaki kwenye mutuelle, kimya kimya.

Wifi yangu alijifungua salama, hakulipa chochote. Mdogo wangu, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, akaniambia, "Yaya, bila weye tungeendelea kutupa makuta yetu kila mwezi. Huyu mutoto atakuwa majina yako." Kwetu majina ni yule anayebeba jina lako, ni kama wewe mwenyewe. Nilicheka, nikampelekea mama yake kitenge.

Sasa wifi amepatikana na uvimbe tumboni, lazima apasuliwe. Uzazi umeshapita, ile ya bure haimhusu tena. Mutuelle nao wanasema ukirudi unangoja miezi kabla hawajakulipia. Ndiyo maana mdogo wangu anashuka shimoni na mvua hii, wakati wenzake wameukimbia udongo unaoporomoka. Nilimsihi aache. Akanijibu kwa upole, "Yaya, usijisumbue roho. Ni nani alijua?"

Mimi nilijua. Afadhali angenitukana.

Nina frigo mbili za kugandishia samaki. Nikiuza moja, operesheni inalipika, na mume wangu amekubali, ingawa hajui kinachonisukuma. Nikitoa bila kusema, watanishukuru tena, na wifi ataingia kupasuliwa akiniombea baraka. Nikisema ukweli, namjua mdogo wangu, amerithi hasira ya marehemu baba: atakataa kitu changu chochote, atarudi shimoni, na mke wake atazidi kungoja.

Jana nilimbeba mtoto. Wanamwita kwa jina langu, na kila wakiita, mimi ndiye ninayeshtuka. Naona aibu hata kumbusu.

Nitukaneni mkitaka, inanistahili. Lakini nishaurini, ninyi mnaosoma: niseme kwanza, au nilipe kwanza halafu niseme? Maana najijua. Nikishalipa, na wakishanishukuru, sitasema tena.