Taa Iliyomkubali Nassor

Harufu ya mpira uliopata moto hainipiti hivi hivi. Juzi nilikuwa nimekaa garini nje ya duka la magurudumu, hapa hapa Al Khoudh, Maskati, nangoja pancha izibwe, harufu ile ikanijia, na wivu ukanipanda. Wivu wa kitoto hasa, na mimi mama mzima mwenye watoto wanaonisumbua wanataka leseni.

Nilikuwa namwonea wivu Nassor. Baba yake, ndugu yake Baba, alifariki Unguja, na mwishoni mwa miaka ya tisini Nassor akaletwa Maskati akae kwetu. Alikuja na begi moja na adabu nyingi mno. Ukisema maji, yeye keshasimama. Bibi alipenda kumtania, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," kisha humpa ufagio, sote tukacheka. Nassor naye hucheka, huku anafagia.

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Rusayl. Siku moja alirudi kutoka Matrah na baiskeli kuukuu, nzito kama kabati, yenye dainamo: kichupa cha chuma kilichoegemea gurudumu la nyuma. Gurudumu likizunguka, mpira unasugua kichwa cha kile kichupa, kinanguruma, na taa ya mbele inawaka.

"Ndani mna sumaku," Baba alitueleza, "inazunguka karibu na waya wa shaba. Ukienda pole, umeme mdogo. Ukienda mbio, unazidi. Ukisimama, basi."

Nilisikia lakini sikusikiliza. Nilichokiona ni kwamba nikipanda mimi, taa inasinzia, rangi yake kama chai ya rangi. Akipanda Nassor, ukuta wa jirani wote unakuwa mweupe. Nikakata shauri kwamba taa imemkubali yeye na mimi imenikataa. Na Baba, baba yangu mimi, husimama mlangoni akasema, "Mashallah, Nassor." Jina langu halitajwi. Roho iliniuma, na sioni haya kusema.

Ikaja ile mvua ya Maskati inayokuja mara moja kwa mwaka na kutaka kuondoka na nyumba. Wadi, lile korongo kavu la mtaani kwetu, likajaa maji, umeme ukakatika, nasi ndiyo kwanza tumetoka kusali magharibi, sinia limeshatengwa. Tochi mawe yake ya betri yamekufa. Baba akaingiza baiskeli ukumbini, akaipandisha kwenye stendi, taa akaielekeza kwenye wali na changu wa kukaanga. Nassor akapanda bila kuambiwa. Ukumbi ukajaa mngurumo na mwanga, na Bibi akamwombea dua ndefu.

Nikadai zamu yangu. Nikakanyaga kwa hasira, lakini miguu yangu ilikuwa mifupi na pedali ngumu. Taa ikawa nyekundu, ikapepesa, ikataka kuzima.

"Mpishe mwenzio, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Nnakula miba hapa, siyo samaki."

Wakacheka wote. Nikashuka na uso wangu umevimba, Nassor akapanda tena, na safari hii alikanyaga kama anayefukuzwa. Mwanga ukazidi, ukawa mweupe wa kuumiza macho. Mpira ukaanza kunuka. Halafu globu ikalia pa, giza.

Nilifurahi, tena sana. Nikamngoja Baba amgombeze.

Kilichosikika ni sauti ya Nassor, nyembamba, sijawahi kuisikia. "Ammi, usinirudishe Unguja. Nitakwenda polepole. Usinirudishe."

"Umeme uliizidi nguvu globu, mwanangu," Baba akasema. "Nani kakwambia unarudishwa?" Na ule utani wa Bibi wa mgeni sikuusikia tena nyumbani mwetu.

Mimi nilidhani analilia globu. Niliona hata kulia anajua kunishinda, maana Baba alimkumbatia pale gizani na mimi nimekaa peke yangu na mkono umejaa wali.

Nassor sasa ana watoto na kitambi. Idd iliyopita nikamwambia, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, jinsi nilivyomchukia kwa ajili ya taa ile. Hakucheka.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wivu," akasema. "Uliposhuka siku ile, umenuna, ulikwenda moja kwa moja ukakaa pajani kwa Ammi. Hukuomba. Na yeye hata hakukutazama, akaanza kukuchambulia miba. Ndipo nikakanyaga."

Nimejaribu sana kulikumbuka paja lile. Silikumbuki. Mimi nakumbuka taa tu.